Mpiga Gita Uwanjani: Uhakiki wa Tamthilia ya La Negra Ester

Katika nchi nyingi mwimbaji wa watu hupewa heshima yake akiisha kufa. Husimamishiwa sanamu, barabara ikapewa jina lake, na nyimbo zake zikatiwa katika vitabu vya shule. Tamthilia ya La Negra Ester, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1988 katika uwanja wa mji wa Puente Alto, kusini ya Santiago, mji mkuu wa Chile, ilishika njia nyingine. Mwimbaji iliyemtukuza, Roberto Parra, alikuwa yu hai, mwenye umri wa miaka 67. Maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyosemwa na wachezaji. Na maisha yaliyoonyeshwa hayakuwa ya shujaa, bali ya mpiga gita maskini, mpenda kinywaji, aliyempenda kahaba wa bandarini na asiweze kumtunza. Hata hivyo watu wa Chile waliipokea tamthilia hii kama mali yao, na hata leo wahakiki huihesabu katika kazi kuu za jukwaa lao katika karne ya 20.

Yafaa kuuliza kwa nini. Hadithi yenyewe ni nyepesi, na mapenzi ya mlevi na kahaba si habari mpya katika fasihi ya nchi yoyote. Jibu litakalotolewa hapa ni kwamba nguvu ya kazi hii yatokana na mambo matatu yaliyoshikamana: bahari ya shairi, lugha ya wasemaji wenyewe, na mahali pa wazi palipochezewa. Kila moja la mambo hayo laweza kuchunguzwa peke yake, lakini likiondolewa moja, mengine mawili hulegea. Baada ya hayo itapasa kutaja kasoro yake, nayo si ndogo.

Chanzo cha tamthilia

Roberto Parra alizaliwa mwaka 1921 katika ukoo ulioipa Chile watungaji wengi. Nduguye mkubwa, Nicanor Parra (1914–2018), alikuwa mshairi mwenye sifa duniani. Dada yake, Violeta Parra (1917–1967), ndiye aliyeanza mnamo mwaka 1953 kuzunguka vijiji na vitongoji akikusanya nyimbo kutoka vinywani mwa wazee, kisha akatunga zake mwenyewe zilizosema habari za wachimba migodi, wakulima na watu walionyimwa haki. Mwaka 1965 Violeta alisimamisha hema kubwa huko La Reina, pembeni mwa Santiago, ili watu waje kula na kusikiliza nyimbo za nchi yao pahala pasipo na anasa. Watu waliokuja walikuwa wachache kuliko alivyotumaini, na humo hemani ndimo alimofia tarehe 5 Februari 1967. Aliacha habari za maisha yake zilizotungwa kwa shairi, nazo zilichapishwa mwaka 1970.

Roberto hakupata elimu ya shule kama nduguye Nicanor, wala hakuwa mkusanyaji kama dada yake. Riziki yake aliipata kwa kupiga gita vilabuni, katika sarakasi na madanguroni. Alijulikana kwa kweka za mjini, yaani ngoma ya jozi ya watu wa Chile iliyotiwa maneno ya mitaani, na kwa namna yake ya kupiga jazi iliyoitwa huachaca, neno linalotumiwa kwa mambo ya watu wa hali ya chini. Utungo wake mrefu uitwao La Negra Ester, unaosimulia mapenzi yake katika bandari ya San Antonio, ulichapishwa mwaka 1980.

Aliyeutoa utungo huo kitabuni akautia uwanjani ni Andrés Pérez, aliyezaliwa mwaka 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Pérez alikuwa akicheza michezo ya kuigiza katika njia za Santiago, wakati ambapo mkusanyiko wowote wa watu ulitiliwa shaka na utawala wa kijeshi. Baadaye alikwenda Ufaransa akaingia katika kundi la Théâtre du Soleil lililoongozwa na Ariane Mnouchkine, na mwaka 1987 akacheza nafasi ya Gandhi katika tamthilia iitwayo L'Indiade. Aliporudi Chile mwaka 1988 aliunda kundi la Gran Circo Teatro, jina linalounganisha sarakasi na tamthilia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hii. Nyuso zilizopakwa rangi nyeupe, mavazi ya rangi kali, mwendo mkubwa wa mikono na miguu, na wapiga muziki walioketi mahali pa kuonekana, hayo yote yadhihirisha shule mbili alizopitia: njia za Santiago, na kundi lile la Ufaransa.

Hadithi ni hii. Roberto afika bandarini na gita lake, apata kazi ya kupiga muziki danguroni, apendana na Ester. Mapenzi yao yana furaha na ugomvi. Mpiga gita hunywa, huondoka, hurejea. Mwishowe ampoteza Ester, kwanza kwa ndoa, kisha kwa mauti. Hapana jambo lingine kubwa litokealo. Mwenye kutafuta kisa chenye mafundo mengi atatoka mikono mitupu.

Bahari ya desima

Utungo wa Roberto Parra umefuata bahari iitwayo desima. Ubeti wake una mishororo kumi, na kila mshororo una mizani minane. Vina vyake hupangwa hivi: a b b a a c c d d c. Mpango huu ulipewa jina la Vicente Espinel, mshairi wa Uhispania aliyeutumia katika diwani yake ya mwaka 1591. Huko Uhispania watungaji walikuja kuiacha kidogo kidogo, lakini katika Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi ilishikwa na watu wasiojua kusoma, ikawa chombo chao cha kusifia watakatifu, kulilia watoto waliokufa, kubishana na kusimulia.

Msomaji aliyezoea tendi za Kiswahili ataitambua mara moja mizani hiyo minane. Lakini ufanano huo usimdanganye, kwani hesabu si moja. Katika Kiswahili kila silabi hutamkwa na kuhesabiwa peke yake. Irabu mbili zikikutana mwisho wa neno moja na mwanzo wa neno jingine, hubaki mizani miwili. Katika Kihispania irabu hizo aghalabu huungana zikawa mzani mmoja. Tena mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwisho wa kila mshororo wafanana na mwingine. Mkazo wa Kihispania huweza kuangukia silabi ya mwisho yenyewe, na hapo mtungaji huongeza mzani mmoja katika hesabu. Ukiangukia silabi ya tatu kutoka mwisho, hupunguza mmoja. Kwa hiyo mizani minane ya desima ni hesabu ya sikio kuliko ya jicho. Anayeihesabu karatasini bila kuitamka atakosea.

Tofauti kubwa zaidi ni ya umbo la ubeti. Utenzi una vipande vinne. Vitatu vya kwanza hushiriki kina kimoja, na cha nne huchukua kina kinachopita katika utenzi wote tangu mwanzo hata mwisho. Kina hicho cha mwisho ndicho uzi unaoshona beti mia au elfu, na kwa sababu hiyo utenzi ni chombo chema cha masimulizi marefu. Desima haina uzi wa namna hiyo. Mishororo minne ya kwanza hujifunga yenyewe. Minne ya mwisho nayo hujifunga yenyewe. Na ile miwili ya katikati ni daraja, wa tano ukitazama nyuma kwa kina chake, wa sita ukitazama mbele. Ubeti ukiisha, mlango umefungwa. Kila ubeti ni chumba.

Basi mwongozaji anayetaka kusimulia hadithi ndefu kwa desima ana taabu ambayo mwenye utenzi hanayo, kwani hadithi husimama kila baada ya mishororo kumi. Pérez angaliweza kuuvunja ubeti na kuugeuza kuwa mazungumzo ya nathari, kama wafanyavyo waongozaji wengi wanaoogopa shairi jukwaani. Hakufanya hivyo. Aliuacha mlango ufungwe, kisha akaijaza nafasi iliyobaki kati ya beti na beti kwa muziki, ngoma na mwendo wa miili. Mchezaji husema ubeti wake, huku akijisimulia mwenyewe kana kwamba ni mtu wa zamani. Ubeti ukiisha, muziki huingia, watu hucheza kweka au bolero, na hadithi husogea bila neno. Hivyo kile kilichokuwa kizuizi katika utungo kimekuwa mapigo ya tamthilia. Hili ndilo fundisho la kwanza la kazi hii, nalo ni fundisho la ufundi: muziki wake si pambo lililobandikwa juu ya maneno. Umewekwa pale ambapo umbo la shairi lenyewe lilikuwa likiuomba.

Lugha ya bandarini

Jambo la pili ni lugha. Kihispania cha Chile, hasa cha watu wasiosoma, kina tabia zake. Sauti ya s mwishoni mwa silabi hulegea ikawa pumzi tu. Sauti ya d katikati ya irabu hudondoka, hata tamati ya -ado hutamkwa -ao. Neno para, lenye maana ya “kwa” au “ili”, hufupishwa likawa pa. Walimu wa shule huziita tabia hizi makosa. Mwanaisimu huziita kanuni, maana zina utaratibu wake na hazitokei ovyo.

Roberto Parra alitunga kwa lugha hiyo, na tamthilia ikaisema bila kuifua. Umuhimu wa uamuzi huo si kuchekesha watu tu. Pa ina silabi moja, para ina mbili. Mhariri mwenye nia njema akirudisha para mahali pa pa, mshororo huweza kuvimba ukawa na mizani tisa. Vivyo hivyo akirudisha -ado mahali pa -ao, kina huweza kupotea. Kusema kweli, shairi limeihifadhi lahaja, na lahaja imelihifadhi shairi; anayesahihisha moja huvunja la pili.

Jambo hili si geni kwa wachunguzi wa tungo za Kiswahili. Katika tungo za Kiamu na Kimvita, “mato” husimama mahali pa “macho” na “mtana” mahali pa “mchana”. Mizani haiharibiki mtu akiyageuza kuwa ya Kiswahili sanifu, lakini kina cha -to huweza kuharibika palepale, na pamoja nacho ubeti mzima. Wahariri kadha wamefanya hivyo wakidhani wanamsaidia msomaji. La Negra Ester yatoa ushahidi kutoka nchi ya mbali kwamba hadhira haihitaji msaada huo. Watu wa Santiago waliosoma na wasiosoma walikaa pamoja wakasikiliza lugha ya bandarini kwa saa nyingi, na walielewa.

Lakini pana jambo zaidi ya kueleweka. Lugha ya mtu maskini ikitiwa jukwaani kwa kawaida hutiwa ili achekwe. Mtumishi, mlinzi wa mlango, mtu wa shamba: hao ndio wasemao lahaja katika michezo mingi, na bwana wao husema lugha sanifu. Katika tamthilia hii hapana bwana wa namna hiyo. Lahaja ndiyo lugha ya mapenzi, ya huzuni, ya tafakuri na ya kifo. Mtazamaji hucheka, naam, lakini hacheki kwa kuwa wao husema vibaya. Hucheka kwa kuwa wamesema vizuri.

Uwanja wa wazi

Jambo la tatu ni mahali. Baada ya Puente Alto, tamthilia ilihamia mlima wa Santa Lucía, katikati ya Santiago, ikachezwa mbele ya hadhira kubwa chini ya anga la majira ya joto. Mlima huo si mahali patupu. Chini yake ndipo Pedro de Valdivia alipousimika mji wa Santiago tarehe 12 Februari 1541. Kumleta mpiga gita wa madanguro juu ya mlima huo, na kumpa nafasi ambayo kwa desturi hupewa watekaji na majenerali, ni tendo lenye maana hata kabla ya neno la kwanza kutamkwa.

Tarehe nazo zina uzito. Tangu mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973, watu wa Santiago waliishi miaka mingi chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 5 Oktoba 1988 walipiga kura ya maoni, na takribani asilimia 56 wakamkatalia Jenerali Augusto Pinochet kuendelea kutawala. Tamthilia ilianza miezi miwili baadaye. Utawala wa kijeshi ulikuwa bado upo, na raia hawakukabidhiwa serikali hadi tarehe 11 Machi 1990. Katika kipindi hicho cha katikati, watu kukaa nje usiku, bega kwa bega na wasiowajua, wakicheka na kulia kwa sauti, lilikuwa jambo ambalo miili yao ilikuwa imelisahau. Tamthilia iliyofungiwa ndani ya nyumba isingaliweza kuwarudishia.

Uwanja huathiri usemi pia. Nje hapana kuta za kurudisha sauti. Mnong'ono hupotea hewani. Mchezaji hulazimika kusema kwa kifua na kuutegemea mdundo. Mizani minane, ambayo katika chumba kidogo yaweza kuchosha sikio kwa kujirudia, nje huwa ni kamba anayoishika msikilizaji aliyekaa mbali: hata neno moja likichukuliwa na upepo, mdundo humwambia lilikuwa na urefu gani, na kina humsaidia kulikisia. Watungaji wa kale waliotunga kwa ajili ya sokoni na msibani walilijua hilo. Desima imerudi mahali ilipozaliwa.

Sifa na siasa

Hapa lazuka swali zito. Katika mwaka 1988 Chile ilikuwa na mwimbaji mwingine aliyestahili kutukuzwa uwanjani kabla ya Roberto Parra. Víctor Jara, aliyezaliwa mwaka 1932, mwana wa wakulima, mwimbaji na mpigania haki, alikamatwa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Serikali siku moja baada ya mapinduzi, akafungwa pamoja na maelfu ya watu katika uwanja wa ndani uitwao Estadio Chile, akateswa, na kuuawa tarehe 16 Septemba 1973. Katika uwanja huohuo, mwaka 1969, alikuwa ameshinda katika tamasha la kwanza la Wimbo Mpya wa Chile. Je, haikuwa kukwepa wajibu, kwa kundi lenye nguvu kama la Pérez, kumwacha shahidi na kumsifu mlevi?

Shtaka hili lisipuuzwe. Ni kweli kwamba tamthilia haikutaja jenerali yeyote, wala jela, wala kura. Mtu aliyefiwa na mwanawe katika miaka ile angaliweza kukaa mlimani Santa Lucía usiku mzima asisikie neno hata moja lihusulo msiba wake.

Lakini anayelitoa shtaka hili yampasa amkumbuke Víctor Jara alivyokuwa, si alivyochorwa ukutani. Jara alisomea tamthilia katika Chuo Kikuu cha Chile, na kabla ya kujulikana kwa nyimbo alijulikana kwa kuongoza wachezaji. Mwaka 1965 aliongoza La remolienda, mchezo wa Alejandro Sieveking. Mchezo huo una nini ndani yake? Una mjane wa shamba na wanawe wanaofika mjini na kuingia danguroni bila kujua ni nyumba ya namna gani. Una lugha ya watu wa shamba, isiyofuliwa. Una kicheko, muziki na mapenzi. Kwa hiyo nyumba ambayo Roberto Parra apigia gita katika La Negra Ester ilikuwa imekwisha kufunguliwa jukwaani na Jara mwenyewe, miaka 23 kabla. Wala yeye hakuona kwamba kuwapa makahaba na wakulima ulimi wao ni kazi nyingine, tofauti na ile aliyoifanya katika wimbo wa Preguntas por Puerto Montt, ambamo alimshtaki waziri wa serikali kwa mauaji ya maskini ya mwaka 1969. Kazi zote mbili zatoka katika imani moja: kwamba maisha ya watu hao yana uzito wa kutosha kuwa sanaa.

Kwa mtazamo huo, La Negra Ester haikumwacha Jara. Iliokota mojawapo ya nyuzi mbili alizoziacha, ile ambayo risasi zilikuwa zimeifanya isahaulike. Shahidi hukumbukwa kwa kifo chake, na kumbukumbu hiyo ni haki yake. Lakini kifo kikikumbukwa peke yake, waliomuua ndio huwa wameamua jinsi atakavyojulikana. Msiba wa Jara ulipata uwanja wake baadaye, tarehe 5 Desemba 2009, maelfu ya watu walipomsindikiza kaburini kwa nyimbo na ngoma katika njia za Santiago, miaka 36 baada ya mkewe, Joan Jara, kulazimika kumzika kwa siri. Uwanja wenyewe ulikuwa umepewa jina lake mwaka 2003. Mahakama Kuu ya Chile haikuzithibitisha hukumu za mwisho juu ya wauaji wake hadi Agosti 2023. Mambo hayo yalihitaji mashahidi, mawakili na majaji. Mwaka 1988 tamthilia isingaliweza kuyafanya, iliyaweza mengine.

Kasoro

Baada ya sifa, haki. Kasoro kubwa ya tamthilia hii ni Ester mwenyewe. Jina la kazi ni lake, lakini macho ni ya Roberto. Mtazamaji ajua Ester alivyopendwa, alivyoimba, alivyolia, alivyokufa. Hajui alitoka wapi, alifikaje danguroni, wala alitamani nini pasipokuwapo mpiga gita. Utungo ni kumbukumbu za mwanamume, na hilo haliwezi kulaumiwa katika utungo. Jukwaa lakini lina uhuru zaidi ya utungo, kwa kuwa mwanamke husimama pale akiwa na mwili na sauti yake. Mwongozaji aliyejua kuijaza nafasi kati ya beti na beti angaliweza kumpa Ester baadhi ya nafasi hizo. Mara nyingi alizijaza kwa sherehe.

Kasoro ya pili yafuatana nayo. Danguro la jukwaani lina taa za rangi, ngoma na utani, na umaskini ndani yake huelekea kupendeza. Hapa pana hatari ambayo kila sanaa inayowatukuza watu wa chini hukabiliana nayo: kuwafanya wang'ae hata mtazamaji arudi nyumbani akiwaonea wivu. Violeta Parra aliijua hatari hiyo, na ndiyo sababu nyimbo nyingi alizokusanya aliziacha na ukali wake.

Kasoro ya tatu si ya waliotunga bali ya wakati. Roberto Parra alifariki mwaka 1995, Andrés Pérez mwaka 2002. Tarehe aliyozaliwa Pérez, 11 Mei, imefanywa kuwa Siku ya Taifa ya Tamthilia nchini Chile. Tamthilia imerudiwa mara nyingi, na watazamaji wengi sasa huja wakiujua kila ubeti. Kazi iliyomkwepesha mpiga gita asiwe sanamu yakaribia kuwa sanamu yenyewe. Hili halina dawa rahisi, ila kukumbuka kwamba desima ni bahari iliyo hai, na kwamba njia ya kuiheshimu ni kutunga nyingine.

Tamati

Yaliyoelezwa yana faida kwa wanaoshughulika na tungo za Kiswahili. Tendi nyingi zimehifadhiwa vizuri makabatini. Zimehaririwa, zimefasiriwa, zimepangiwa tarehe. Zilizopata kusimama mbele ya watu kwa sauti na mwendo ni chache. Watunzi wa tamthilia wamejaribu upande wao: katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotolewa mwaka 1976, Ebrahim Hussein alikwenda mbali na mazungumzo ya kawaida akaikaribia sauti ya mtambaji. Lakini mara nyingi mtunzi na mhariri hufanya kazi zao bila kukutana.

La Negra Ester yaonyesha kwamba utungo wa mtu asiyesoma waweza kupita kutoka kitabuni hadi uwanjani bila kupunguziwa mzani hata mmoja, na bila kusahihishwa lahaja yake, ukasikilizwa na watu wa tabaka zote. Yadai jambo moja tu kwa mhakiki wa lugha, nalo ni gumu kwa mtu aliyezoea meza: kabla ya kutangaza kwamba mshororo una kosa, autoe nje, ausikie ukisemwa na mwenye lugha yake mbele ya watu wake, ndipo ahukumu.